Mpigaji Aliyetemwa na Gharama ya Kumpa Muda

Mapema Juni 2004, Tampa Bay Devil Rays ilimchukua José Bautista, kijana wa Jamhuri ya Dominika aliyekuwa ametemwa na Baltimore Orioles. Mwezi haujakwisha, ikamuuza kwa Kansas City Royals. Tarehe 30 Julai Royals wakampeleka New York Mets, na siku hiyohiyo Mets wakampeleka Pittsburgh Pirates. Mwaka uliotangulia alikuwa akicheza ngazi ya A, hatua kadhaa chini ya Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani. Msimu ule wa kuhamahama hakupiga homurani hata moja. Mwaka 2010, akiwa Toronto Blue Jays, alipiga 54 na kuwashinda wachezaji wote wa ligi. Mwaka uliofuata akaongoza tena kwa 43.

Kisa hiki husimuliwa kama ushahidi wa upofu wa viongozi wa klabu. Naona kinasimuliwa vibaya. Mwaka 2004 hapakuwa na dalili ya kumfanya mtu makini atabiri homurani 54. Kosa la klabu zile ni kumchukua mpigaji zikiwa hazina mahali pa kumpigisha. Kwa hiyo ninadai kwamba uamuzi wa kumchukua mpigaji wa ligi za chini aliyetemwa uanzie kwenye kikosi cha anayemchukua, ndipo uende kwenye takwimu za mchezaji mwenyewe.

Utaratibu wa kumchukua mchezaji aliyetemwa, uitwao weiva, unaeleweka upesi. Klabu inapomwondoa mchezaji katika orodha yake ya watu 40, klabu nyingine hupewa fursa ya kumtaka. Zikijitokeza mbili au zaidi, hutangulizwa ile yenye rekodi mbovu zaidi. Inayompata hulipa ada, huurithi mkataba wake na kumwingiza katika orodha yake ya 40. Mshahara si mzigo: kima cha chini cha Ligi Kuu mwaka 2024 kilikuwa dola 740,000, fedha isiyotikisa bajeti ya klabu yoyote ya ngazi hiyo. Hapo ndipo wengi huteleza, maana rahisi ni ghali. Orodha ikiwa imejaa, mgeni haingii mpaka mwenyeji atoke, na mwenyeji huyo naye anaweza kupitia mlango uleule wa weiva na kunyakuliwa na wengine.

Tuitazame hesabu ya benchi. Kikosi cha kawaida cha Ligi Kuu kina wachezaji 26, na warushaji hawaruhusiwi kuzidi 13. Basi wapigaji kwa kawaida ni 13. Tisa huanza mechi, mmoja ni mdakaji wa akiba, na zinabaki nafasi tatu kwa msimu wa mechi 162. Mpigaji chipukizi akikalia mojawapo ya nafasi hizo atapiga mara moja moja, aghalabu dhidi ya mrushaji mpya mwenye kasi, mwishoni mwa mechi. Hakuna anayejifunza kupiga kwa namna hiyo. Ndiyo sababu haki ya klabu kumshusha mchezaji ligi za chini bila kumpitisha weiva ni jambo zito kuliko wastani wake. Haki hiyo kwa kawaida hudumu misimu mitatu. Mpigaji wa miaka 24 aliyebakiza msimu mmoja wa namna hiyo ni bora kuliko wa miaka 27 aliyeimaliza yote, hata kama wa pili amepiga vizuri zaidi mwaka huu.

Takwimu zenyewe zisomwe kwa uangalifu. Albuquerque, mji wenye timu ya Triple-A, ngazi iliyo chini tu ya Ligi Kuu, uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake nyepesi huurefusha mwendo wa mpira na kumfanya mpigaji wa kawaida aonekane shujaa. Mimi ningetanguliza mambo mawili: ni mara ngapi anatolewa kwa straiki tatu, na mpira unatoka kwenye gongo lake kwa kasi gani. Hayo hujidhihirisha mapema, ilhali wastani wa kupiga huhitaji mamia ya majaribio kabla haujaaminika.

Pingamizi kubwa ni kwamba tunawakumbuka akina Bautista na kuwasahau wengi waliochukuliwa, wakakaa wiki chache, wakatemwa tena. Ni kweli, na linanigusa, kwa sababu hao ni vijana wanaohamishwa mji hadi mji bila kuulizwa. Lakini pingamizi hilo linaitia nguvu hoja yangu. Novemba 2010 Oakland Athletics walimchukua Edwin Encarnación kutoka Toronto, kisha Desemba wakamwacha huru kabla hajawachezea hata mechi moja. Alirudi Toronto, na mwaka 2012 akapiga homurani 42. Justin Turner ni mfano mgumu zaidi kwangu. Mets walimchukua kutoka Orioles Mei 2010, wakakaa naye miaka mitatu na zaidi kama mtu wa kuziba mapengo, wakamwacha Desemba 2013. Alikuwa ameanza kubadili namna yake ya kupiga. Los Angeles Dodgers walimpa mkataba wa ligi za chini, naye mwaka 2017 akawa mchezaji bora wa fainali ya National League pamoja na Chris Taylor. Muda Mets walimpa, hawakumtazama upya.

Toronto walifanya yote mawili, japo nusu kwa bahati. Agosti 2009 Chicago White Sox walimtaka Alex Ríos kupitia weiva, na Blue Jays wakamwachia aende na mkataba wake mnono. Nafasi ikafunguka uwanjani. Bautista akaanza kucheza kila siku, na makocha Cito Gaston na Dwayne Murphy wakamhimiza auanze mwendo wa gongo mapema zaidi. Mwisho wa msimu ule mipira ilianza kuvuka uzio.

Kwa klabu inayowania ubingwa, basi, ningeshauri iwaache wapigaji wa aina hii, isipokuwa mwenye ruhusa ya kushushwa na mwenye mechi za kila siku zinazomsubiri Triple-A. Klabu inayoshindwa ina wajibu tofauti. Kanuni imeipa zamu ya mbele, na mechi zake za Agosti na Septemba hazina kombe la kugombea. Ikizitumia kwa mkongwe wa miaka 34 ambaye mkataba wake unakwisha msimu huo, huku mpigaji wa miaka 25 anayeupiga mpira kwa nguvu akipita mbele yake bila kuchukuliwa, haina udhuru.