Kipekecho, Si Msokoto

Kuna kijitabu cha ufundi wa magari, kimechapwa kwenye karatasi nzuri na kugawiwa wanafunzi, ambacho koili ya gari kinaiita "msokoto wa kuwashia". Jina lake silitaji, wala siitaji kamati iliyokipitisha, maana baadhi ya wajumbe wake bado tunaamkiana. Ila nauliza: kati ya watu wazima wote waliokaa meza ile, hakuna hata mmoja anayesoma gazeti? Msokoto, kwa Mswahili wa leo, ni wa bangi. Polisi huikamata misokoto na karani wa mahakama huihesabu. Ukiongeza na hilo "wa kuwashia", umemaliza kazi. Mwanafunzi akiamriwa aufungue msokoto, aukague, kisha aurudishe mahali pake, atacheka mpaka kengele ilie, na mimi simlaumu.

Kabla ya hapo tuliletewa "mviringo wa mwako", na aliyeuzaa bado anautetea semina hadi semina. Mviringo ni umbo. Hata sahani inao. Ama mwako, huo unatokana na kuwaka, na kinachowaka ni petroli ndani ya silinda. Kifaa chetu hakiwaki, bali kinawasha, na siku kitakapowaka chenyewe mwenye gari atafute mchanga haraka. Tofauti ya kuwaka na kuwasha hufundishwa shule ya msingi. (Kuwasha nako kuna upupu ndani yake, ndiyo sababu "koili ya kuwasha" nayo sikuipenda.)

Watatuambia tutazame wenzetu wamefanyaje. Tumetazama. Neno la Kiingereza, coil, lilitoka Kifaransa cha kale, nacho kikalirithi kwa Kilatini, kwa maana ya kukusanya; halina hata cheche moja ndani yake. Wafaransa wanasema bobine, yaani kibiringo cha kuzungushia uzi, na ndiyo maana fundi wa Lubumbashi hukuagiza "bobini" huku mshonaji jirani yake akiagiza bobini nyingine kabisa ya cherehani. Wajerumani wameutia moto ndani ya neno lenyewe: Zündspule, kibiringo kiwashacho. Wote hao wametaja waya ulivyozungushwa. Waya uliozungushwa umo katika mota, katika redio, hata katika kengele ya mlangoni. Koili zimejaa dunia. Hii inayorusha cheche ndiyo inayostahili jina lake.

Na jina tunalo. Wazee wetu kabla ya kibiriti walikuwa na vijiti viwili: ulimbombo uliolazwa chini, na ulindi uliosimamishwa juu yake na kuzungushwa kwa viganja, mbio mbio, mpaka cheche ikatoka. Tendo hilo ni kupekecha. Kwa pekecha tunapata kipekecho, kama ziba ilivyotupa kizibo, pima ikatupa kipimo na funika ikatupa kifuniko. Hapana nomino iliyozaliwa kihalali kuliko hii.

Nililipeleka neno hili mbele ya wahusika. Kumbukumbu za kikao zimeliandika kuwa ni "pendekezo la mjumbe mmoja", bila jina. Hoja ya kwanza dhidi yake: kipekecho ni pia fitina. Ndiyo, na paa ni mnyama na ni sehemu ya nyumba, lakini hatujasikia mwezekaji aliyepanda juu ya mnyama. Hoja ya pili: kupekecha ni msuguano, na ndani ya koili hakuna kinachosuguana. Hii ilitolewa kwa sauti ya ushindi na mtu ambaye mfukoni alikuwa na kiberiti cha gesi. Kiberiti, kwa asili yake ya Kiarabu, ni salfa. Ndani ya kile cha gesi hamna salfa ya kuwashia, na hakuna kamati iliyokutana kukibatiza upya. Neno likishashika kazi, hubeba kazi na kuacha malighafi.

Zaidi ya hayo, kinachofanyika kwenye koili ni mapekecho hasa. Tangu mfumo wa Charles Kettering uingie katika Cadillac ya 1910, mpango wa magari yenye pointi ni ule ule: pointi zinafunga, zinafungua, na kila zinapofungua, volti chache za waya mnene zinaruka kuwa maelfu kwa maelfu katika waya mwembamba. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika hudai cheche 6,000 katika dakika hiyo. Ulindi gani uliwahi kukimbia hivyo?

Sasa tulitie neno kazini: mwenye Volkswagen Beetle au Land Rover ya zamani anayetafuta kipekecho cha kuaminika apime kwa mita, asitazame rangi ya kopo: gari la volti 12 lenye pointi na lisilo na rezista ya nje linataka omu 3 hivi katika waya mnene, cha omu 1.5 ni cha gari lenye rezista, na kikifungwa bila hiyo kitapata moto na kuzila pointi. Beetle nyingi za kabla ya 1967 ni za volti 6, kwa hiyo aulize kwanza. Gari likizima baada ya mwendo mrefu na kuwaka tena likipoa, kipime kikiwa cha moto. Waya wa swichi uende kwenye alama ya chanya, isipokuwa kwa magari ya Kiingereza ya zamani ambayo chanya ya betri ndiyo imefungwa kwenye bodi, hayo hugeuzwa.

Gereji wanasema koili, na waendelee. Muuza spea anaielewa na gari linatembea. Ninachokidai ni cha vitabuni, mahali ambapo koili hii lazima itenganishwe na nyingine zote. Wahariri wanaokikataa kipekecho wanijibu kwa maandishi, na safari hii waweke majina yao.