Mnyororo, Mkufu na Silsila

Fundi wa baiskeli aliyeketi chini ya mwembe, akiupaka mafuta ule ukanda wa chuma unaolizungusha gurudumu la nyuma, huuita cheni. Sonara wa Mombasa au wa Unguja, autengenezapo wa fedha au wa dhahabu ili bibi harusi auvae shingoni, huuita mkufu. Baharia aufungapo kwenye nanga, na askari wa gereza autiapo miguuni mwa mfungwa, wote wawili huuita mnyororo. Naye shekhe wa tarika, ayatajapo majina ya mashekhe waliomtangulia, mmoja baada ya mmoja mpaka yafike kwa Mtume, huyaita silsila. Waingereza kwa yote hayo wana neno moja, na neno hilo moja wamelichukua wakalipeleka katika kemia, katika elimu ya viumbe, katika hesabu, katika viwanda na katika biashara, likawa kila liingiapo lavaa maana mpya na kubakiza jina lile lile. Mfasiri wetu, akutanapo nalo, aghalabu hukosa subira: huandika mnyororo, akapita. Makala haya nayaandika kumwomba asipite upesi, kwa sababu lugha yake ina utajiri ambao lugha anayoifasiri haina, na si haki utajiri huo uachwe sandukuni.

Kila neno lina nasaba yake, na nasaba ya mnyororo katika pwani yetu si ya furaha. Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash alitia saini mkataba wa kuifunga biashara ya watumwa ya baharini, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Mahali pale Mkunazini pakajengwa kanisa la Waanglikana, na ubavuni mwake leo pana shimo lenye sanamu za watumwa watano waliovishwa mnyororo shingoni, kazi ya Clara Sörnäs, iliyowekwa mwaka 1998. Baada ya utumwa ukaja utawala wa Wajerumani bara, na wafungwa wakapelekwa kazini wakiwa wameunganishwa kwa mnyororo huo huo, shingo kwa shingo. Ndiyo maana msemaji wa Kiswahili asikiapo kwamba fulani yumo mnyororoni haulizi ni mnyororo wa nini. Neno hili lina chuma ndani yake, lina uzito, na lina mtu mmoja aliyeshika ncha yake na mwingine aliyefungwa. Simaanishi kwamba litupwe. Namaanisha kwamba mwenye kulitumia ajue anachokibeba.

Mahali pake pa haki papo, napo ni kila palipo na pete iliyoishika pete, moja ikavutwa zikavutika zote, moja ikakatika kazi nzima ikasimama. Katika majahazi ya zamani nanga ilishikwa kwa amari, kamba nene ya makumbi, na amari ilisagika juu ya mwamba; mnyororo wa chuma ulipoenea katika majeshi ya majini ya Ulaya mwanzoni mwa karne ya 19, mabaharia waliusifu kwa sababu hausagiki upesi, na pia kwa sababu uzito wake huulaza chini ya bahari, ukaivuta nanga kwa ubavu badala ya kuing'oa kwa juu. Hali kadhalika cheni ya baiskeli: ile yenye pini na vigurudumu vidogo juu ya pini, ambayo hata leo yazunguka katika baiskeli, katika pikipiki na katika mashine za viwandani, chimbuko lake ni kazi ya Hans Renold, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi Manchester, mwaka 1880. Neno cheni tumelikopa, limekaa vizuri vinywani mwa mafundi, na sioni sababu ya kuwanyang'anya.

Kwa kipimo hicho hicho cha pete moja kukatika, wale waliofasiri msafara wa bidhaa kutoka kwa mtengenezaji hadi kwa mnunuzi wakauita mnyororo wa ugavi hawakukosea. Meli ikizuiliwa bandarini, kiwanda husimama. Hiyo ndiyo tabia ya mnyororo. Lakini nawalaumu walioandika, katika maagizo ya chanjo, maneno haya mawili: mnyororo baridi. Chanjo nyingi hazina budi kutunzwa kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8 za selsiasi tangu zitokapo kiwandani, katika ndege, katika ghala, katika jokofu la wilaya, na katika kasha la barafu ambalo mhudumu wa afya huling'ang'ania juu ya pikipiki akielekea kijijini. Joto likipenya mahali pamoja tu, dawa huharibika na jicho halioni tofauti yoyote katika chupa. Ni jambo la uhai wa watoto. Sasa mhudumu huyo akisoma mnyororo baridi, sarufi ya lugha yake yamwambia kwamba upo mnyororo, nao ni baridi, kama chuma kilicholala nje usiku. Haimwambii kwamba ubaridi wenyewe ndio usiokatika. Sema mnyororo wa ubaridi, na maana imenyooka. Herufi chache zimeongezeka, na kitu kinachotakiwa kulindwa kimetajwa kwa jina lake.

Tukiingia katika kemia, hapo mnyororo naona unazidi kuwa mzito kuliko kitu chenyewe. Hermann Staudinger, mkemia wa Kijerumani, alieleza mwaka 1920 kwamba vitu kama mpira na selulosi si mkusanyiko wa molekuli ndogo zilizogandamana ovyo, bali ni molekuli ndefu mno, kila moja imefanywa kwa vipande vidogo vilivyoshikana kimoja na kimoja kwa maelfu. Wenzake wengi walimpinga kwa miaka, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1953, akiwa mzee. Anayetaka kuona kazi ya molekuli hizo na aende Tanga, autazame mkonge ukianikwa: ile singa nyeupe inayosokotwa kamba kwa sehemu kubwa ni selulosi, yaani vipande vya glukosi vilivyoungwa mfululizo. Wengine wamependa kuuita muungano huo mtungo, kama mtungo wa shanga au wa samaki, lakini mtungo una uzi uliopita katikati, na katika selulosi uzi haupo. Kila kipande kimemshika jirani yake kwa mkono wake mwenyewe. Hiyo ndiyo sifa ya mkufu. Mkufu wa glukosi, mkufu wa kaboni: ni jina jepesi, lenye vipande vidogo vinavyofanana, na lanyumbulika kama molekuli zenyewe zinyumbulikavyo.

Mahali ambapo mnyororo wapotosha kabisa ni katika lile jambo ambalo vitabu vyetu vya sayansi hulitaja kuwa mmenyuko mnyororo. Mwaka 1913 Max Bodenstein, akichunguza jinsi hidrojeni na klorini zinavyoungana zipigwapo na mwanga, aliona kwamba chembe moja ya nuru huleta miungano maelfu kwa maelfu, kwa sababu kila muungano unapomalizika huacha nyuma yake chembe yenye hamu ya kuanzisha mwingine. Nikolai Semenov wa Urusi na Cyril Hinshelwood wa Uingereza wakaendeleza elimu hiyo, wakaonyesha kwamba chembe moja yaweza kuzaa zaidi ya moja, na hapo ndipo panapotokea mlipuko. Walipewa Tuzo ya Nobel pamoja mwaka 1956. Leo Szilard, akiwa London mwaka 1933, alifikiri kwamba nyutroni nazo zingeweza kufanya vivyo hivyo ndani ya kiini cha atomu, na tarehe 2 Desemba 1942, chini ya viti vya uwanja wa michezo wa Chuo Kikuu cha Chicago, Enrico Fermi na wenzake walilithibitisha kwa urani iliyopangwa ndani ya matofali ya grafiti, huku fito za kadimi zikichomolewa polepole. Na kwa kuwa twaandika kwa Kiswahili, yafaa isisahauliwe kwamba sehemu kubwa ya urani ya mradi ule wa Marekani wa kutengeneza bomu ilichimbwa Shinkolobwe, katika Katanga, nchi ambayo Kiswahili ni lugha ya migodi yake na ya masoko yake.

Utazame sasa mwenendo wa jambo hilo. Nyutroni moja hupasua kiini, zikatoka mbili au tatu. Mbili zikipasua viini viwili, hutoka nne zenye kuendelea. Hatua ya 10 ikifika, moja imekuwa 1,024. Mnyororo hauzai. Mnyororo wenye pete mia una pete mia, wala huwezi kuuacha usiku ukaukuta asubuhi umekuwa na pete elfu. Kinachofanana na tendo hili katika maisha yetu ni moto wa makuti: cheche moja yaruka kutoka paa hadi paa, na kila paa lishikapo latoa cheche zake, mpaka mtaa mzima umeteketea kabla ya ndoo ya kwanza ya maji kufika. Lugha yetu ina kitenzi cha hali hiyo, nacho ni kuambukiza. Napendekeza kwa dhati mmenyuko wa kuambukizana. Mwanafunzi alisikiapo jina hili atajua, kabla mwalimu hajaandika ubaoni, kwa nini Fermi alihitaji fito za kuuzuia.

Silsila nayo ina kazi yake, ambayo hakuna neno jingine liwezalo kuifanya. Wanazuoni wa hadithi hawaikubali kauli mpaka waijue sanadi yake: fulani kaipokea kwa fulani, naye kwa fulani, na kila mpokezi huulizwa habari zake, alikuwa mkweli au mwongo, alikutana na huyo aliyempokea au hakukutana naye. Pete hapa ni mtu, na kinachopita ni amana. Nalitia mkazo jambo hili kwa kuwa mtaalamu wa hesabu wa Urusi, Andrei Markov, alianzisha mwaka 1906 kitu ambacho Waingereza wamekipa jina lile lile la mnyororo, nacho ni kinyume cha sanadi kwa kila hali. Katika mfuatano wa Markov hali ya kesho yategemea hali ya leo peke yake. Ya jana na ya juzi hayaulizwi. Mwaka 1913 alizihesabu herufi 20,000 za utenzi wa Pushkin uitwao Eugene Onegin, irabu na konsonanti, ili aonyeshe jinsi herufi moja inavyoathiri ile inayoifuata. Kuuita huo silsila ni kuwadhulumu wapokezi, mfuatano watosha.

Lakini lile daftari la kompyuta lililobuniwa na mtu aliyejiita Satoshi Nakamoto, katika andiko lake la mwaka 2008, ambalo kila ukurasa wake hubeba muhuri wa ukurasa uliotangulia, hata anayetaka kuughushi mmoja hana budi aighushi yote iliyoufuata, hilo ni jamaa wa sanadi, na jina la silsila ya kurasa nalipa bila ya wasiwasi.

Yako mengine yasiyotaka maneno mengi. Cheni ya wapima ardhi, aliyoiweka Edmund Gunter mwaka 1620, ilikuwa na pete 100 na urefu wa futi 66; eneo la cheni 10 za mraba ndilo ekari, kipimo ambacho mkulima wetu hukitumia mpaka leo shambani mwake. Jinsi viumbe wanavyolana, kama alivyoeleza al-Jahiz wa Basra katika karne ya 9 na kama Charles Elton alivyolipa jambo hilo istilahi zake mwaka 1927, nalipendelea liitwe mlolongo wa chakula, kwa kuwa nyasi haimshiki nyumbu wala nyumbu hamshiki simba. Na maduka mengi ya bwana mmoja yana jina tangu zamani: matawi.

Nimebakiza la mwisho kwa kuwa ndilo linalowagusa watu wengi zaidi. Michael Porter wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1985, alieleza jinsi kazi za kampuni moja zinavyofuatana, kila moja ikiongeza thamani ya bidhaa. Baadaye wazo likapanuliwa hadi zao zima la nchi nzima, nasi tukapata mnyororo wa thamani. Nilihudhuria siku moja mkutano wa wakulima wa karafuu Pemba, ambako bwana shamba alilitaja neno hilo mara nyingi kwa nia njema kabisa, na mzee mmoja akainua mkono akauliza kwa utaratibu, "Mwanangu, na ncha ya mnyororo huo kaishika nani?" Bwana shamba hakuwa na jawabu. Karafuu hupanda: mchumaji aliye juu ya mti huiangusha na vikonyo vyake, watu wa nyumbani huichambua, huianika juani juu ya majamvi siku kadhaa, hupimwa kwenye mizani ya shirika la biashara, husafirishwa, na ng'ambo ikawa kiungo, au mafuta, au sigara za kretek za Indonesia, hata makonyo yaliyochambuliwa hukamuliwa mafuta pale pale Pemba. Kila hatua bei ni kubwa kuliko hatua iliyopita, na mzee yule alikuwa amesimama kwenye hatua ya chini kabisa. Mnyororo hausemi ni nani yuko chini na ni nani yuko juu. Daraja husema. Ukiandika daraja za thamani, mkulima ataona mara moja kwamba ipo ya kupandia, na atauliza apande vipi.

Najua mnyororo wa thamani umekwisha kuenea katika karatasi za serikali, Dodoma na Nairobi, na haung'oki kwa makala moja. Hata hivyo naliomba Baraza la Kiswahili la Taifa, na kila mwenye kutunga vitabu vya kilimo na vya afya, wazipime istilahi hizi upya mbele ya wale watakaozitumia, na waanze na mbili: daraja za thamani kwa ajili ya wakulima, na mnyororo wa ubaridi kwa ajili ya wanaobeba chanjo.