Jeshi la jirani likija kukulinda, nani analipa?

Kila habari za Goma zinaposambaa kwenye simu, swali linarudi lile lile: mbona majirani hawaji kusaidia? Mmoja anajibu kwamba wamekuja mara nyingi sana. Mwingine anasema eti walikuja kwa ajili ya madini tu. Basi tumeona tuache kelele kidogo, tuangalie historia, hasa upande ambao watu huupita haraka: gharama. Askari anakula, anavaa, anapanda ndege, na risasi anazopiga zimenunuliwa. Akifa, kuna jeneza na kuna mjane. Hesabu hiyo iliandikwa kwa jina la nani? Kwa maoni yetu swali hilo linaeleza mengi: kwa nini jeshi hili lilibaki, lile likaondoka, na lingine likaja na mkono wake ukiwa tayari umenyooshwa.

Tuanze mbali kidogo, Kagera. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Tanzania, na siku chache baadaye Amin akatangaza kwamba ardhi yote mpaka mto Kagera ni ya Uganda. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulitaka pande mbili zipatanishwe, haukumlaani mvamizi. Msumbiji ilituma askari kama 800 kumsaidia Mwalimu Nyerere. Libya ilituma wake kumsaidia Amin. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, lakini bili ilibaki Dodoma na Dar es Salaam. Makadirio yanayotajwa sana ni dola milioni 500, na Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Wazee wa Tanzania wakisikia maneno hayo mpaka leo wanacheka kicheko kisicho na furaha, maana miezi 18 ile ilikuwa mirefu mno. Na kwenye mkutano wa wakuu wa nchi huko Monrovia, Julai 1979, badala ya kuchangiwa, Tanzania ililaumiwa na baadhi ya marais kwa kuvuka mpaka wa mwenzake.

Hiyo ni nchi iliyojilinda yenyewe. Sasa tuje kwenye vita ambavyo wengi wetu tumevirithi kutoka kwa wazazi, vile vya Agosti 1998.

Mzee Laurent-Désiré Kabila aliingia Kinshasa mwaka 1997 akisaidiwa na Rwanda na Uganda. Mwishoni mwa Julai 1998 akawaambia askari wa Rwanda waondoke. Tarehe 2 Agosti uasi ukaanza mashariki, na siku mbili baadaye likatokea jambo ambalo hata kwenye filamu ungelikataa: askari walipandishwa ndege Goma, wakavuka nchi nzima, wakatua Kitona, karibu na bahari ya Atlantiki. Aliyewaongoza alikuwa James Kabarebe, ambaye wiki chache kabla ndiye alikuwa mkuu wa majeshi ya Kongo yenyewe. Wakateka bwawa la Inga na Kinshasa ikakosa umeme. Rwanda ilisema ina haki ya kujilinda dhidi ya wale waliofanya mauaji ya kimbari ya 1994 na kukimbilia Kongo. Kinshasa ilisema huu ni uvamizi. Tunajua kwenye kundi letu kuna wa pande zote, kwa hiyo hapa tunafuata hesabu tu.

Kongo ilikuwa imejiunga na SADC mwaka 1997. Mwaka uliofuata jumuiya hiyo ilikuwa na nchi 14. Unafikiri ngapi zilituma majeshi ya kupigana? Tatu: Zimbabwe, Angola na Namibia. Robert Mugabe, ambaye alikuwa anaongoza chombo cha ulinzi cha SADC, alitangaza kwamba wanachama wamekubaliana. Nelson Mandela, mwenyekiti wa SADC yenyewe, akasema hapana, yeye anataka mazungumzo. Yaani wakubwa wawili wa jumuiya moja, wiki moja, kauli mbili. Wakati wanabishana, Waangola walivuka kutoka Cabinda wakaichukua tena Kitona, na Wazimbabwe wakaushika uwanja wa ndege wa N'djili. Mji wa Kinshasa ukaokolewa.

Hapa tuseme wazi: bila nchi hizo tatu, serikali ya Kinshasa isingemaliza mwezi huo. Aliyekuwa Kinshasa wakati ule anajua. Lakini hizo tatu hazikuwa na sababu moja. Angola ilikuwa na vita vyake na UNITA, na haikutaka adui apate mlango wa kuingilia Kongo. Kwake Kitona ilikuwa karibu kama uani. Namibia ilituma watu kama 2,000. Zimbabwe, ambayo haina hata mpaka na Kongo, ndiyo iliyobeba zigo kubwa: ilifikia askari zaidi ya 10,000, kwa miaka minne, huku uchumi wake ukiporomoka na watu wa Harare wakiuliza watoto wao wanafia nini huko mbali.

Na kwa kuwa hakuna mfuko wa pamoja uliolipa, malipo yalitafutwa kwenye ardhi ya yule aliyelindwa. Kampuni yenye uhusiano na jeshi la Zimbabwe, Osleg, iliingia ubia na kampuni ya upande wa serikali ya Kongo, na almasi za Mbuji-Mayi zikaingizwa kwenye mipango hiyo. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliyaandika hayo kwenye ripoti zao, ile ya Oktoba 2002 ikiwemo. Ripoti hizo hizo ziliandika pia jinsi Rwanda na Uganda walivyochota kwenye maeneo waliyoyashika. Uganda baadaye ilihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Haki, na Februari 2022 ikaamriwa kuilipa Kongo dola milioni 325. Kwa hiyo yule anayesema "walikuja kwa ajili ya madini" hajakosea kabisa, ila amegeuza mpangilio wa matukio. Kwa Zimbabwe, jeshi lilitangulia, deni likafuata, kisha madini yakawekwa kama njia ya kulilipa. Mlinzi asiyelipwa na jumuiya atalipwa na mwenye nyumba, na mwenye nyumba aliye hoi hapangi bei.

Je, SADC ilijifunza? Agosti 2003, hapo hapo Dar es Salaam, viongozi walitia saini Mkataba wa Ulinzi wa Pamoja. Kifungu cha 6 kinasema shambulio la silaha dhidi ya mwanachama mmoja ni tishio kwa amani ya kanda yote, na litajibiwa kwa pamoja mara moja. Maneno mazuri kabisa. Lakini endelea kusoma kifungu hicho hicho: kila nchi itashiriki kwa namna inayoona inafaa. Maana yake anayetuma kikosi ameshiriki, anayetuma mahema ameshiriki, na anayetuma barua ya pole naye anaweza kudai ameshiriki. Msidhani ni udhaifu wa Waafrika peke yao. Mkataba wa NATO wa 1949 nao unamwachia kila mwanachama achague hatua anayoona ni ya lazima, na ndiyo maana Wamarekani na Wazungu wa Ulaya wanagombana miaka nenda rudi kuhusu nani anachangia asilimia ngapi. Serikali hupenda kuahidi kulinda. Kiasi cha kulipa ndicho wasichopenda kuandika.

Mara moja mambo yalikwenda tofauti. M23 waliteka Goma Novemba 2012. Nchi za Maziwa Makuu zilikuwa zimeshapendekeza kikosi cha kimataifa, na Tanzania ilikubali kutoa askari, ila pesa hazikuwepo. Suluhisho lilikuwa kukiingiza kikosi hicho ndani ya MONUSCO. Tarehe 28 Machi 2013 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2098: askari 3,069 kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, wenye ruhusa ya kushambulia, chini ya Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania. Tofauti kubwa ilikuwa mlipaji. Gharama za ulinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa zinagawanywa kwa nchi zote wanachama, tajiri anatoa zaidi, maskini anatoa kidogo, na nchi inayotuma askari inarudishiwa kiwango kilichopangwa kwa kila askari kwa mwezi. Novemba 2013 M23 walisalimu amri.

Tusidanganyane, pesa peke yake hazikushinda. Jeshi la Kongo lilipigana vizuri mwaka ule. Jina la Kanali Mamadou Ndala bado linatajwa Goma kwa heshima. Wafadhili kadhaa walikuwa wamesimamisha misaada kwa Rwanda. Na damu haigawanywi kwa asilimia: Desemba 2017, kule Semuliki, Beni, Tanzania ilizika vijana 15 baada ya shambulio moja la usiku. Hakuna nchi tajiri iliyozika hata mmoja siku ile. Lakini kikosi kile hakikudai mgodi, na hakikuondoka kwa sababu hazina ya nyumbani imekauka.

Linganisha na yaliyofuata. Kikosi cha Afrika Mashariki kiliingia Goma Novemba 2022, na kila nchi ilitakiwa kubeba askari wake yenyewe. Bunge la Kenya lilipitisha zaidi ya shilingi bilioni 4 kwa miezi sita ya kwanza. Kinshasa ilitaka wapigane, wao walisema wamekuja kusimama katikati, na Desemba 2023 wakaondoka. Wakaja SADC, nchi zile zile tatu za 2013, safari hii nje ya bajeti ya Umoja wa Mataifa. Januari 2025 askari 14 wa Afrika Kusini walikufa kwenye mapigano ya Goma na Sake, Wamalawi na Watanzania pia walikufa, Goma ikaanguka, na Machi 13 SADC ikatangaza kuwaondoa. Hayo mnayajua, wengine wenu mlikuwa mnapiga simu nyumbani usiku ule na namba hazipatikani.

Sasa kuna jambo ambalo sisi linatugusa moja kwa moja. Rudi kwenye ile orodha ya 1998: Zimbabwe, Angola, Namibia. Tanzania haimo, maana haikutuma jeshi la kupigana. Zambia haimo. Lakini watu wa Kivu na Katanga walipokimbia walivuka ziwa Tanganyika na mipaka ya kusini, wakapokelewa Kigoma na kaskazini mwa Zambia. Nyarugusu ilikuwa imefunguliwa tangu 1996. Ardhi, kuni, maji, shule, polisi, yote hayo ni gharama ya vita vile vile, ila hakuna aliyeiandika kwenye hesabu ya ulinzi. Sisi tunaitwa "mzigo", askari anaitwa "mchango".

Cha ajabu ni kwamba Afrika ilishaliona jambo hili mapema. Mkataba wa wakimbizi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wa Septemba 1969, unasema nchi ikishindwa kuendelea kuwapokea wakimbizi inaweza kuwaomba wenzake, nao wachukue hatua za kuipunguzia mzigo kwa moyo wa mshikamano. Neno ni lile lile, kupunguza mzigo, miaka 34 kabla ya mkataba wa ulinzi wa SADC. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa saa 24 hivi. Tanzania ililalamika, ikaomba, na Machi 1995 ikafunga mpaka. Mkataba wa 1969 ulikuwepo siku ile, umetiwa saini na umeanza kutumika tangu 1974. Nao hautaji kiasi.

Wale ambao wazazi wenu walivuka ziwa 1998, waulizeni walipokelewa na nani, nani aliwapa chakula siku ya kwanza kabla malori ya mashirika hayajafika. Tuandikieni. Tungependa makala ijayo ianzie hapo, kwa watu wa vijiji vya Kigoma ambao hakuna bunge lililowapitishia bajeti.