Barua Iendayo Koboko: Historia Fupi ya Posta katika West Nile

Wahenga walisema kwamba barua ni nusu ya kuonana. Msemo huu hupendwa sana na walimu wa Kiswahili wanapofundisha uandishi wa barua, na wanafunzi huukariri pasipo kujiuliza: je, nusu hiyo ya kuonana humfikia kila mtu? Humgharimu kiasi gani? Na ni nani mwenye wajibu wa kuifikisha? Katika makala haya tutajaribu kuyajibu maswali hayo kwa kuitazama historia ya posta katika pembe moja ya Uganda, yaani Arua na Koboko, karibu na mahali ambapo mipaka ya Uganda, Kongo na Sudan Kusini hukutana. Tumeichagua pembe hiyo kwa makusudi. Posta ya nchi haipimwi pale yalipo makao yake makuu. Hupimwa kule njia inakoishia.

Yafaa kwanza tuieleze kanuni yenyewe. Huko Uingereza, kabla ya mwaka 1840, aghalabu barua ililipiwa na mpokeaji, na malipo yaliongezeka kwa kadiri ya umbali. Maskini aliyeletewa barua mara nyingi aliirudisha kwa kukosa fedha. Mwaka 1837 Rowland Hill alionyesha kwamba gharama ya kuisafirisha barua moja ni ndogo mno. Gharama kubwa imo katika kuipokea, kuiandika daftarini na kudai malipo yake. Akapendekeza bei moja kwa nchi nzima, ilipwe na mwandikaji kabla barua haijaondoka. Stempu ya kwanza ya peni moja ikatolewa mwaka 1840. Mwaka 1874 wajumbe wa mataifa 22 walikutana mjini Bern, Uswisi, wakaukubali mkataba uliozifanya nchi zao kuwa kama eneo moja la posta. Chama hicho ndicho tukiitacho leo Umoja wa Posta Duniani, na Uganda iliingia kwa jina lake yenyewe mwaka 1964, baada ya uhuru.

Uganda haikukawia kuonja mambo haya. Mwaka 1895, huko Mengo, mmisionari Ernest Millar alipiga stempu kwa mashine ya taipu, na bei zake zilihesabiwa kwa kauri, kwa kuwa kauri ndizo zilizokuwa fedha za watu. Kauri 200 zilikuwa sawa na rupia moja. Hata hivyo, waliozitumia stempu hizo kwa sehemu kubwa walikuwa wamisionari, maofisa na wakuu wachache waliojua kusoma. Mwananchi wa kawaida alikuwa bado nje ya mlango wa posta.

Ama nchi ya West Nile, wakati huo ilikuwa bado haimo katika Uganda. Kwa mkataba wa mwaka 1894, sehemu iliyoitwa Lado ilikodishwa kwa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, mtawala wa Kongo. Alipofariki Desemba 1909, Lado ikawekwa chini ya Sudan mwaka 1910. Na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikaunganishwa na Uganda. Ofisa A. E. Weatherhead akawa Mkuu wa Wilaya wa kwanza, na boma likajengwa Arua. Hivyo watu wa nchi hii, Walugbara, Wakakwa, Waalur, Wamadi na wengineo, walipitia tawala tatu katika miaka michache bila kuhama vijijini mwao.

Njia ya kwenda Arua ilikuwa ndefu na yenye kukatika katika. Mizigo na barua zilichukuliwa kwa gari la moshi kutoka Jinja hadi Namasagali, reli iliyofunguliwa mwaka 1912. Zikavushwa kwa meli katika ziwa Kyoga hadi Masindi Port. Zikapita nchi kavu hadi Butiaba. Zikapakiwa tena katika meli ya ziwa Albert, zikateremka mto Naili hadi Pakwach na Rhino Camp. Kutoka mtoni zilipandishwa Arua na wapagazi, na baadaye kwa malori. Mwaka 1931 ndege za kampuni ya Imperial Airways zilianza kubeba barua baina ya Uingereza na Afrika Mashariki, nazo zilitua Butiaba. Barua ya London ikaweza kulifikia ziwa Albert kwa siku chache, na huku mtu wa Rhino Camp bado akiingoja meli.

Na Koboko je? Kutoka Arua hadi Koboko ni kama kilomita 55. Katika ramani ni mwendo mfupi, lakini katika historia ya posta huo ndio mwendo ulio mrefu kuliko wote. Stempu iliyobandikwa Kampala ililipia safari yote hadi ofisi ya posta. Haikulipia safari kutoka ofisini hadi nyumbani. Katika nchi zetu posta haikuwa na desturi ya kupeleka barua mlango kwa mlango. Barua iliwekwa katika sanduku, na sanduku lilikodishwa kwa ada ya kila mwaka. Asiyekuwa na sanduku aliazima la shule, la kanisa, la msikiti, la duka au la ofisi ya saza. Ndipo likazaliwa lile fungu la maneno tunalolifundisha katika anwani: "kwa mkono wa".

Maneno hayo matatu yastahili kufikiriwa. Kila yalipoandikwa "kwa mkono wa Mwalimu Mkuu", mwalimu alifanywa tarishi asiye na mshahara. Aliwapa watoto barua za kupeleka vijijini. Wengi wa wapokeaji hawakujua kusoma. Kwa hiyo mwalimu, katekista au karani aliisoma barua, akaifasiri, kisha akaandika majibu. Alizijua ndoa, madeni, magonjwa na misiba ya watu. Uaminifu wake ndio uliokuwa bahasha ya barua hizo. Serikali iliandika sheria za kuilinda siri ya barua, lakini kijijini siri hiyo ilikuwa kifuani mwa mtu mmoja.

Jambo hili halikuwa dogo, kwa sababu West Nile ilikuwa nchi ya watu waliosafiri kutafuta kazi. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha zilikuwa kusini. Vijana walikwenda kulima katika mashamba ya pamba ya Buganda, na kukata miwa Kakira na Lugazi. Wengine waliingia jeshini. Katika Vita Kuu ya Pili askari wa Afrika Mashariki walipigana hadi Burma, na lugha yao ya jeshini ilikuwa Kiswahili. Kwa mke aliyebaki nyumbani, barua ilikuwa habari, na hawala ya posta ilikuwa chumvi, kodi na karo ya mtoto. Aliyetuma alilipa fedha dirishani, akapewa hati, akaituma kwa barua. Aliyepokea aliipeleka ofisini akapewa fedha zake. Lakini ikiwa ofisi ya kulipia iko Arua na mpokeaji yuko Koboko, safari ya kwenda na kurudi yaweza kula sehemu kubwa ya hawala yenyewe. Hapo ndipo tunapoiona tofauti baina ya bei iliyo sawa na huduma iliyo sawa. Stempu ilikuwa na bei moja, bali gharama haikuwa moja.

Hata hivyo haifai tuidharau bei moja. Posta za Kenya na Uganda ziliunganishwa mapema, na Tanganyika ikaungana nazo mwaka 1933. Mwaka 1948 zikawekwa chini ya utawala mmoja wa posta na simu wa Afrika Mashariki. Kwa mkataba wa Jumuiya wa mwaka 1967 likaundwa Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, makao yake makuu yakawa Kampala. Faida ya mpango huo ilikuwa hii: mapato ya simu na ya miji mikubwa yaliweza kuziba pengo la ofisi za mbali ambazo kamwe zisingejilipia gharama zake. Mfanyabiashara wa Nairobi au Mombasa, pasipo kujua, alisaidia kulipia mfuko wa barua uliopelekwa Arua. Kadhalika njia ilibadilika. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mafuriko ya ziwa Albert yaliiharibu bandari ya Butiaba, na mwaka 1964 reli ikafika Pakwach.

Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, na kila nchi ikabaki na posta yake. Uganda ikawa na shirika lake la posta na simu, lililozaliwa katika wakati mgumu wa uchumi ulioanguka. Mwaka 1979 utawala wa Idi Amin, ambaye ukoo wake ulikuwa wa Koboko, ukaondolewa kwa vita. Oktoba 1980 mapigano yakazuka West Nile, na raia wasio na hatia wakalipizwa kisasi kwa makosa yasiyokuwa yao. Tarehe 24 Juni 1981 watu wengi waliokuwa wamekimbilia misheni ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa. Maelfu kwa maelfu wakavuka mpaka kwenda Sudan na Zaire.

Mwanahistoria wa posta ana la kujifunza hapa. Anwani humtaka mtu awe mahali. Aliyekimbia usiku hana sanduku la posta. Na mwalimu aliyekuwa "mkono" wake naye amekimbia. Barua zilirudi katika hali ya kale: zilibebwa mifukoni na wachuuzi, wachungaji na jamaa waliothubutu kuvuka mpaka. Katika vita kama hivyo Msalaba Mwekundu hutumia karatasi iliyo wazi, isiyofungwa, yenye kuruhusiwa habari za jamaa tu: fulani yu hai, fulani amezaa, fulani amefariki. Wakimbizi wa West Nile walirejea kwa wingi katika nusu ya pili ya miaka ya 1980. Nao baadaye wakawa wenyeji wa wakimbizi wengine: Wasudani Kusini katika makambi ya Rhino Camp, Imvepi na Bidibidi, na Wakongomani huko Lobule, wilayani Koboko. Karatasi zile zilizo wazi zikaendelea kuwa na kazi.

Mwaka 1997 Bunge la Uganda lilitunga sheria mpya ya mawasiliano. Shirika la zamani likagawanywa: simu zikaenda upande wake, na barua zikapewa Posta Uganda. Tume ya Mawasiliano ikaundwa ili kutoa leseni na kuzisimamia huduma. Miaka miwili baadaye, katika mkutano wa Beijing wa mwaka 1999, Umoja wa Posta Duniani uliandika katika mkataba wake kwamba kila mtu ana haki ya kupata huduma ya msingi ya posta, ya kudumu, mahali popote nchini, kwa bei anayoimudu.

Kanuni hiyo ni njema, lakini kugawanywa kule kulileta swali. Ikiwa mapato ya simu hayazibi tena pengo la barua, nani atakayeliziba? Kampuni binafsi za kupeleka vifurushi hupenda njia zenye faida, na hakuna wa kuzilaumu, maana hiyo ndiyo tabia ya biashara: hula nyama na kuacha mifupa. Ikiwa sheria haimlazimishi yeyote kwenda Koboko, na wala haimsaidii anayelazimishwa, basi haki ya Beijing itabaki karatasini.

Wako wasemao kwamba hoja hii imepitwa na wakati. Mwaka 2009 huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza Uganda, na hawala ya posta ikafifia. Katika muongo wa 2010 barabara ya Vurra, Arua, Koboko na Oraba ikatiwa lami. Ni kweli, na ni baraka. Lakini hati ya kuzaliwa, cheti cha shule, wito wa mahakama, dawa na kitabu havipiti katika simu. Vitu hivyo husafirishwa kwa basi: dereva au karani hukadiria malipo, na mpokeaji huenda kuvifuata kituoni. Bei hufuata umbali na ustadi wa kujadiliana. Tukitazama vizuri, tutaona kwamba katika jambo hili tumerudi nyuma ya mwaka 1840, ingawa tumerudi kwa gari lenye mwendo wa kasi.

Sisi walimu tunahusika kwa njia mbili. Kwanza, lugha. Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa Uganda mwaka 1973, kikawekwa katika katiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaagiza kifundishwe kwa lazima mashuleni. Somo la barua litafundishwa basi hata Koboko. Tusilifundishe kama mchoro wa mistari ya anwani tu. Mwanafunzi anapoandika S.L.P., na aulizwe: sanduku hilo ni la nani? Nani atakayelifungua? Barua itafika nyumbani kwa miguu ya nani? Akijibu hayo atakuwa amejifunza historia ya kijiji chake.

Pili, kumbukumbu. Mwalimu aliyeazimisha sanduku la shule, akasoma barua za watu na kuzihifadhi siri zao, aliikamilisha kazi ambayo stempu haikuweza kuimaliza. Kazi hiyo haikuandikwa katika hesabu za shirika lolote. Wangali hai wazee wanaoikumbuka, Arua na Koboko. Inafaa wanafunzi wetu wawaendee na kalamu na daftari, waandike waliyoyaona, kabla wazee hao hawajaondoka nayo. Na wale wanaotunga sheria za posta watakapokaa kupanga bei na leseni, wangefanya vema kuanza hesabu yao Koboko, kisha warudi nayo Kampala.