Mwaka wa Hisabati na Lugha za Kigeni: Kumbukumbu ya Skuli za Sekondari za Marekani, 1958–1959

Tarehe 2 Septemba 1958, katika majuma ambayo skuli za Marekani hufunguliwa baada ya likizo ya kiangazi, Rais Dwight D. Eisenhower alitia sahihi Sheria ya Elimu kwa Ulinzi wa Taifa, na kwa sahihi hiyo idara mbili za skuli ya sekondari, ya hisabati na ya lugha za kigeni, ambazo kwa takriban miaka arubaini zilikuwa zimekaa katika unyonge, zikapewa fedha ya serikali kuu kwa kiasi ambacho hazikupata kukiona kabla yake. Mwaka wa masomo ulioanza siku zile ndio tunaoukumbuka hapa. Lakini hauwezi kufahamika pasi na kutazama kwanza jinsi idara hizo zilivyodhoofika.

Hisabati ilidhoofika polepole. Mwaka 1910, katika kila wanafunzi mia wa sekondari, wapatao 57 walisoma aljebra. Kufikia mwaka 1955 hawakuzidi 25. Milango ya sekondari ilikuwa imefunguliwa kwa watoto wa kila tabaka, jambo la kheri lisilo shaka, ila wataalamu wengi wa malezi wa zama hizo walishika rai kwamba aljebra na jiometri ni elimu ya wachache, na kwamba mtoto wa fundi au wa mkulima yamtosha hesabu ya dukani. Rai ambayo mimi naiona kuwa ni dhuluma iliyovishwa joho la huruma.

Lugha za kigeni zilipigwa dharuba moja. Mwaka 1915 wanafunzi wapatao 24 katika kila mia walijifunza Kijerumani. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, lugha hiyo ikahesabiwa kuwa ni ya adui, na kufikia mwaka 1922 hapakusalia hata mmoja katika mia. Jimbo la Nebraska lilipiga marufuku, kwa sheria ya mwaka 1919, kumfundisha lugha ya kigeni mtoto ambaye hajamaliza darasa la nane, na mwalimu wa skuli ndogo ya Kilutheri, Robert Meyer, akatiwa hatiani kwa kumsomesha mtoto wa miaka kumi visa vya Biblia kwa Kijerumani. Mahakama ya Juu iliitengua hukumu hiyo mwaka 1923 na kuithibitisha haki ya mwalimu kufundisha. Lakini wanafunzi wa Kijerumani hawakurejea kwa wingi ule tena.

Kilichoziinua idara hizi ni hofu. Warusi waliporusha setilaiti ya Sputnik tarehe 4 Oktoba 1957, taifa zima lilishtuka, na Seneta Lister Hill pamoja na Mbunge Carl Elliott, wote wawili wa Alabama, ambao tangu kitambo walitaka serikali kuu isaidie elimu, wakaona kwamba wakati wao umewadia. Sheria waliyoipitisha iliidhinisha dola milioni 70 kwa mwaka kwa vifaa vya sayansi, hisabati na lugha za kisasa, majimbo nayo yakitakiwa kutoa kiasi kama kile yalichokipokea. Iliwataka pia wanafunzi wa vyuo waliokopa fedha zake watie sahihi hati ya kukana imani yoyote ya kuipindua serikali; sharti hilo liliwaudhi wanavyuoni wengi, nao walikuwa na haki, na likaondolewa mwaka 1962.

Katika idara ya lugha, ambako aghalabu mwalimu alikuwa akifundisha kwa kitabu cha sarufi na kwa kufasiri sentensi, kulijengwa vyumba vyenye vijibanda vya mbao, kila kimoja na chombo chake cha kusikilizia, na mashine za kunasa sauti. Mwendo wa kufundisha nao ulibadilika, ukifuata ule ambao jeshi liliutumia wakati wa Vita vya Pili: mwanafunzi asikilize sauti ya mwenye lugha, ayahifadhi mazungumzo kwa moyo, ayarudie hata ulimi uzoee, na sarufi ije baadaye. Hapana budi kukiri fadhila ya jambo hili, kwani sikio lilipata haki yake. Lakini ilidhihirika upesi kwamba mashine haimjibu mwanafunzi aliyekosea kwa njia isiyotarajiwa, wala haiwezi kufidia upungufu wa mwalimu ambaye mwenyewe hajapata kuzungumza na mwenye lugha.

Idara ya hisabati ilikuwa na mtangulizi wake, Max Beberman, aliyekuwa akijaribu masomo mapya katika skuli ya sekondari ya Chuo Kikuu cha Illinois tangu mwaka 1951, akimtaka mwanafunzi aigundue kanuni kabla ya kuambiwa. Mwaka 1958 Edward Begle wa Yale aliunda jopo ambamo mabingwa wa hisabati wa vyuo vikuu na walimu wa sekondari waliketi meza moja kuandika vitabu, na katika historia yote hii sioni tendo lililo bora kuliko kuketi huko. Vitabu vyenyewe vilitanguliza nadharia ya seti, wazazi wakashindwa kuwasaidia watoto wao nyumbani, na katikati ya miaka ya sitini Beberman mwenyewe alionya juu ya pupa ya kuyapeleka mambo hayo katika skuli za msingi. Athari ya mageuzi haya ilitufikia na sisi: mwaka 1962 Waamerika, Waingereza na Waafrika walikutana Entebbe kuandika vitabu vya hisabati mpya, navyo vikasomeshwa katika skuli za Afrika Mashariki.

Lakini sehemu ya sheria ninayoienzi kupita zote ni ile iliyowaita walimu wa lugha, tangu kiangazi cha 1959, waende vyuoni kwa majuma kadhaa wakasome upya, wakilipwa posho na nyongeza kwa ajili ya wategemezi wao, kama vile Taasisi ya Taifa ya Sayansi ilivyokwisha kuwafanyia walimu wa hisabati. Mashine zilichakaa, lakini mwalimu aliyekwenda huko alirudi na ulimi wake mwenyewe, akaendelea kufundisha kwa miaka mingi. Walimu wa idara nyingine waliliona hilo, wakadai na wao wapewe, na mwaka 1964 Congress iliipanua sheria, mafunzo ya kiangazi yakafunguliwa kwa walimu wa historia, wa jiografia na wa Kiingereza vilevile.