Mbele imeandikwa Rolls-Royce. Bodi je?

Ukiwa stendi ya Mbinga unasubiri basi la kuteremka Mbamba Bay, muulize mtu yeyote lile ni gari gani. Atasoma jina la mbele: Isuzu, Fuso, Scania. Amepata nusu ya jibu. Mabasi yetu mengi huanza maisha kama chasisi na injini tu. Bodi huja kuundwa baadaye na mafundi wa karakana nyingine kabisa.

Kumbe magari ya kifahari ya Uingereza yalitengenezwa hivyohivyo.

Rolls-Royce Silver Wraith ilianza kutoka kiwandani Crewe mwaka 1946, mara tu baada ya vita. Kiwanda kiliuza chasisi, injini na shoo ya mbele. Mteja ndiye aliyechagua mjenzi wa bodi: Hooper, H. J. Mulliner, Park Ward, James Young au mwingine. Maseremala waliunda fremu ya mbao, kisha wagonga bati wakaivalisha alumini iliyokunjwa kwa mkono. Mwaka huohuo ikaja Bentley Mark VI, ambayo ungeweza kuinunua ikiwa na bodi ya chuma tayari, au ukachukua chasisi ukatafuta fundi wako.

Sasa unalitambuaje gari la namna hii? Usianze na jina la mbele, maana shoo ni ileile kwa bodi zote. Anza na namba ya chasisi kwenye kibao ndani ya boneti. Namba hiyo inakupeleka kwenye kadi za kiwanda, zilizoandikwa gari liliuzwa kwa nani na bodi ilipelekwa kuundwa wapi. Kisha fungua mlango, utazame kizingiti chake: mara nyingi hapo ndipo mjenzi alipogongelea kibao chenye jina lake. Mwisho soma umbo. Hooper, kwa mfano, walipenda mstari wa madigadi unaoteremka toka taa za mbele hadi nyuma bila kukatika, na matairi ya nyuma yamefunikwa.

Kwa nini vitatu vyote? Kwa sababu kimoja kinaweza kukudanganya. Mbao huoza kabla ya chasisi. Wapo waliotupa bodi ya asili na kuweka mpya ya wazi, ili gari lipate bei. Namba ya chasisi ni ya kweli, lakini gari unaloliona si lile lililoandikwa kwenye kadi. Mwanahistoria anaijua hali hiyo: hati halisi, maelezo ya uongo.

Kazi ile ilififia haraka. Hooper waliacha kujenga bodi mwaka 1959. Mwaka 1965 ikatoka Silver Shadow, ambayo bodi yake ndiyo inayobeba gari zima. Kwa gari hilo, chasisi ya kumpelekea fundi ikawa haipo.

Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, kuna Rolls-Royce iliyotumiwa na serikali ya kikoloni, kisha na Mwalimu Nyerere. Wengi tunapiga picha, tunataja waliopanda, tunaondoka. Siku ukienda, uliza pia kuhusu kibao cha boneti na kizingiti cha mlango. Tukikumbuka waliokaa kiti cha nyuma peke yao, tumewafuta waliogonga bati. Na basi la Mbamba Bay nalo lina mafundi wake. Majina yao tuyaandike sasa, wangali hai.