Wanasayansi, Wanaisimu na Istilahi za Kiswahili Mlimani

Aghalabu historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam husimuliwa kwa mijadala ya siasa iliyovuma Mlimani katika miaka ya 1960 na 1970. Yapo majadiliano mengine, ya sauti ya chini zaidi, ambayo hayajapewa nafasi yanayostahili: yale yaliyowakutanisha wanasayansi na wanaisimu katika uundaji wa istilahi.

Mwaka 1964 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilirithi kazi za Kamati ya Lugha iliyoasisiwa mwaka 1930. Mwaka 1967 Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria. Idara ya Kiswahili ilipoanzishwa mwaka 1970, ilifundisha kwa Kiswahili, na walimu wake hawakuwa na hiari: iliwabidi wapate maneno ya kutajia mofimu, kiima na kiarifu, kwa sababu wanafunzi walikuwa wakiyasubiri darasani. Wenzao wa fizikia na kemia, hatua chache tu kutoka hapo, waliendelea kufundisha kwa Kiingereza.

Tofauti hiyo iliifanya kazi ya pamoja kuwa ngumu. Lichukuliwe neno uzito. Muuza nyama sokoni latosha kabisa. Mwanafizikia halimtoshi, maana kitu kikipelekwa mwezini uzito wake hupungua ilhali maada iliyomo ni ile ile. Mwanaisimu hawezi kuiona haja ya neno la pili mpaka aelezwe; naye mwanafizikia, akishaeleza, anahitaji mtu anayejua namna Kiswahili kinavyozaa maneno. Ndipo likapatikana tungamo, ambalo umbo lake halimshangazi yeyote ajuaye kitenzi tungama. Vivyo hivyo kani ikatengwa na nguvu, na nishati ikapewa mahali pake. Oksijeni ilikopwa bila hasara yoyote, kwa kuwa jina hilo limeenea katika lugha nyingi. Lakini usanisinuru ni jambo jingine: mwanafunzi anayeisikia nuru ndani ya neno hilo ameshapewa nusu ya maelezo kabla mwalimu hajafungua kitabu.

Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia katika sekondari mwaka 1985. Mwaka 1983 Serikali ililiweka kando pendekezo hilo. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilichapishwa mwaka 1990, yaani miaka mitano baada ya tarehe ambayo kidato cha kwanza kingeihitaji.

Hoja iliyorudiwa tangu wakati huo ni kwamba Kiswahili hakina istilahi za sayansi. Hoja hiyo ni dhaifu. Istilahi zilikuwapo, zimepangwa kialfabeti. Kilichokosekana ni darasa la kuzitamkia. Istilahi za isimu nazo zilianza zikiwa ngeni na nzito mdomoni, zikalainika kwa kutumiwa na kubishaniwa kila siku.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kitumike katika ngazi zote, lakini sayansi ya sekondari iliendelea kufundishwa kwa Kiingereza. Hadi leo mwanafunzi wa isimu husema mofimu bila kusita, na jirani yake wa fizikia huweza kuhitimu asiwahi hata mara moja kulitamka neno tungamo.